Nani Ateua, Nani Afuta: Mashirika ya Umma na Mageuzi Tuliyoyasahau

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini katika semina ya elimu ya uraia)



Tumealikwa kuzungumza juu ya sheria, nasi twajua kwamba sheria ikitajwa baada ya chakula cha mchana nusu ya ukumbi husinzia. Kwa hiyo tutaanza na kisima.

Katika parokia moja ya Ukambani, ambayo hatutaitaja kwa kuwa jambo lenyewe halijaisha, kina mama waliamka siku moja wakaona lori na mashine ya kuchimba. Hakuna aliyekuwa amewauliza lolote, lakini ni nani atakayegombana na maji? Kisima kikachimbwa. Bango likasimamishwa, lenye jina la mradi, nembo ya serikali na kiasi cha fedha. Mashine ikaondoka. Pampu haikuja, wala tangi. Miaka miwili baadaye kina mama wale wangali wanateremka mtoni na mitungi yao, na mbuzi wanajikuna migongo kwenye nguzo za lile bango. Walipotuma wajumbe watatu kuuliza pampu iko wapi, waliambiwa kwamba kwa mujibu wa faili mradi umekamilika. Walipoomba kuliona faili, wakajibiwa kwamba hizo ni karatasi za serikali.

Ndugu zetu, jibu hilo ndilo mada yetu ya leo. Afisa aliyelitoa hakuwa mtu katili. Aliwapa viti, akawapa hata chai. Alikuwa akisema kweli kama alivyofundishwa: kwamba mradi ni wa wananchi siku ya kufunguliwa, lakini faili lake ni mali ya ofisi milele. Fundisho hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Liliandikwa kwa sheria, na sheria hiyo ina mwaka wake.

Turudi basi hadi 1986. Wazee waliomo humu wanaukumbuka kwa ajili ya mlolongo, kwa kuwa ndio mwaka ambao chama tawala kiliamua kwamba wapiga kura wapangwe foleni nyuma ya picha za wagombea, na wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa wakasimama wakapinga. Heshima yao haitafutika. Lakini katika mwaka huo huo mambo mengine mawili yalipita, nayo hayakupata kelele kama ile. La kwanza, Bunge liliibadilisha Katiba na kuwaondolea Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kinga ya kutofutwa kazi ovyo. La pili, ilianza kutumika Sheria ya Mashirika ya Serikali, Sura ya 446.

Ni nani aliyehubiri juu ya Sura ya 446? Mlolongo ulionekana kwa macho. Mtu alisimama juani akaona mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi. Sheria ya mashirika haina foleni wala picha, ina vifungu tu. Basi tuvisome vile vinne au vitano vilivyo na uzito. Kifungu cha 3 kilimpa Rais uwezo wa kuunda shirika kwa amri, pasipo mswada kupelekwa Bungeni. Kifungu cha 6 kilimkabidhi uteuzi wa mwenyekiti. Wanachama wengine wakateuliwa na waziri, ambaye naye ni mteule wa Rais. Nao makatibu wakuu wawili, wa wizara husika na wa Hazina, wakaketi humo kwa vyeo vyao. Kifungu cha 7 kikamruhusu Rais kuipa bodi maagizo, ya jumla au ya jambo mahususi, na bodi haikuachiwa hiari, sharti iyatekeleze. Kifungu hicho hicho kikampa uwezo wa kumfuta mwanachama yeyote wa bodi iwapo angeona kwamba bodi imeshindwa kufanya kazi yake kwa manufaa ya taifa. Na nani wa kupima manufaa hayo? Sheria ilijibu kwamba ni yeye mwenyewe.

Tusiwe wasingiziaji. Sheria ile ilikuwa na sababu zake, na baadhi zilikuwa njema. Kamati iliyoongozwa na Philip Ndegwa ilikuwa imeonyesha mwaka wa 1982 jinsi mashirika ya serikali yalivyomeza fedha za umma na kurudisha kidogo. Wakurugenzi walijigawia magari na mikopo, na hesabu zilichelewa kwa miaka. Palihitajika nidhamu, na sheria ilileta kamati ya ushauri, mkaguzi wa mashirika, na masharti ya makadirio ya kila mwaka. Kosa lake ni kwamba nidhamu yote ilifungwa kwenye kamba moja, na kamba hiyo ikashikwa na mkono mmoja. Anayeteua ndiye anayeagiza, anayeagiza ndiye anayefuta, na yule ambaye angepaswa kuhesabu, yaani mkaguzi wa hesabu, naye ameambiwa mwaka huo huo kwamba anaweza kufukuzwa.

Mfano mmoja tu wa zama hizo. Mnamo Januari 1986 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga bwawa la umeme la Turkwel, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio. Makampuni ya Ufaransa yalipewa kazi pasipo zabuni ya ushindani wa kimataifa. Miezi miwili baadaye, Achim Kratz, mjumbe wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi, aliandika waraka wa ndani akieleza kwamba bei ile ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ambayo Kenya ingelipa kama ingeita zabuni. Waraka ukavuja, magazeti ya nje yakauchapa. Bwawa likajengwa hata hivyo, nalo hutoa umeme wa megawati 106 likipata maji ya kutosha. Tafadhali tazameni jambo hili kwa makini: habari ya fedha zetu tuliipata kwa mgeni, tena kwa karatasi iliyovuja. Mkenya hakuwa na mlango wa kubisha.

Na sisi tulio wa umri wa kati tulikuwa watoto wa shule ya msingi katika miaka hiyo, tukinywa maziwa ya Nyayo. Yalikuwa matamu, hatutakana. Yalikuja kwa tamko, tukayaimbia nyimbo, kisha siku moja hayakuja tena na hakuna mwalimu aliyeweza kutueleza kwa nini. Hapakuwa na pa kuuliza. Kitu kinachotolewa kwa tamko huondolewa kwa kimya.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, vyama vingi vikarudi, na sote tukadhani kwamba nyumba imejengwa upya. Kinga ya mkaguzi wa hesabu na ya majaji ilikuwa imekwisha kurudishwa mwaka wa 1990. Mwaka wa 1997 wabunge wa pande zote walikaa pamoja wakapunguza makali ya sheria ya machifu na ya mikutano ya hadhara, na hata sheria ya shirika la utangazaji ikaguswa ili wapinzani nao wasikike redioni. Lakini kifungu cha 7 kilipita katikati ya mageuzi hayo yote bila kukwaruzwa. Tulipigania haki ya kumchagua dereva, tukaacha mkataba wa gari kama ulivyokuwa. Ndiyo sababu, baada ya kila uchaguzi wa vyama vingi, tumeona wale walioshindwa kwenye kura wakiibuka katika Gazeti Rasmi la Serikali kama wenyeviti wa bodi. Mwananchi amekwisha kumkataa debeni. Ijumaa ikifika anakabidhiwa bandari, au maji, au hifadhi ya uzeeni ya wafanyakazi.

Serikali iliyoingia baada ya uchaguzi wa 2002 ilileta Sheria ya Ukaguzi ya 2003 na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2005. Yalikuwa mambo mazuri. Lakini badiliko lenyewe lilikuja kwa Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, na hapa twaomba msisinzie. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zishughulikiwe kwa uwazi na kwa ushiriki wa wananchi. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na wa gharama ya kufaa. Kifungu cha 226 kinasema kwamba mwenye cheo cha umma, hata cha kisiasa, akiagiza fedha zitumike kinyume cha sheria, hasara ni juu yake na sharti ailipe, awe bado ofisini au ametoka. Liwekeni neno hilo kando ya kifungu cha 7 cha mwaka wa 1986. Zamani aliyeagiza hakuulizwa, na aliyekataa agizo ndiye aliyefutwa. Sasa agizo lina bei, na bei inamfuata mwagizaji hadi nyumbani kwake.

Isitoshe, vifungu vya 22 na 258 vinampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani kuitetea Katiba, hata kwa niaba ya umma. Vijana huenda wasijue ukubwa wa jambo hili, basi tuwakumbushe Uhuru Park. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ile kwa jina la kampuni ya gazeti lake. Profesa Wangari Maathai akaenda Mahakama Kuu. Mnamo Desemba kesi yake ikatupwa, si kwa kuwa hoja zake zilipimwa zikaonekana dhaifu, bali kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuzileta. Mwenye haki ya kushtaki kwa niaba ya umma, aliambiwa, ni Mkuu wa Sheria. Na Mkuu wa Sheria wa siku hizo angefutwa kwa kalamu moja. Jumba halikujengwa, lakini hilo lilitokana na kelele za raia na wafadhili wa nje kujitoa. Mahakama haikuwa imemsaidia.

Sasa tulinganishe na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kati ya mwaka wa 2024 Wakenya waligundua kwamba kampuni ya Adani kutoka India imependekeza kuukarabati na kuuendesha uwanja ule kwa miaka 30. Hapakuwa na zabuni, kwa kuwa Sheria ya Ubia wa Sekta ya Umma na Binafsi ya 2021 inaruhusu mwekezaji kuja na pendekezo lake mwenyewe. Tena habari zilivuja, safari hii kupitia kijana Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa. Lakini baada ya kuvuja hatukubaki kusoma magazeti ya Ulaya. Chama cha Wanasheria na Tume ya Haki za Binadamu isiyo ya serikali walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 9 Septemba 2024 mpango ukasimamishwa. Hakuna aliyewauliza kwamba wao ni nani hata washtaki. Wafanyakazi wa uwanja nao wakagoma siku mbili baadaye. Tarehe 21 Novemba Rais akatangaza Bungeni kwamba ameufuta mpango huo, na kila mtu anajua kwamba mashtaka yaliyofunguliwa Marekani dhidi ya mwenye kampuni yalichangia. Hata hivyo, kama mahakama isingelisimamisha jambo lile mwezi wa Septemba, kungekuwa na kitu gani cha kufuta mwezi wa Novemba ila mkataba uliokwisha kutiwa sahihi?

Katika uteuzi pia mlango umefunguka. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa wenyeviti na wanachama 128 wa bodi za mashirika uliotangazwa mwaka wa 2018, kwa sababu haukufuata ushindani na uwazi unaotakiwa na Katiba. Watu 128! Wote walikuwa wameingia kwa desturi ya 1986, chini ya Katiba ya 2010. Ndivyo ilivyo kwa sheria ya zamani: haifi kwa kuwa sheria kubwa imezaliwa juu yake. Hukaa pale chini ikingoja mtu wa kuitumia.

Twasikia mara kwa mara kwamba dawa ni kupunguza idadi. Jopo la Rais la mwaka wa 2013 lilihesabu mashirika 262, likapendekeza yabaki 187. Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaidhinisha mashirika 42 yaunganishwe yawe 20, na mengine 25 yavunjwe. Na mwishoni mwa 2025 ikatiwa sahihi sheria mpya ya mashirika ya kibiashara ya serikali, inayoyageuza yawe kampuni za umma chini ya Sheria ya Kampuni. Hatuyapingi haya kwa jumla. Mashirika mengine yalistahili kuzikwa zamani. Lakini hatutaki kudanganywa na hesabu ya kutoa. Ukiwa na mifuko minane yenye tundu, ukaiunganisha iwe minne, swali lililobaki ni la tundu. Kampuni huwajibika kwa wenye hisa. Na pale mwenye hisa ni serikali, mwananchi anarudi tena nje ya mlango, isipokuwa ajue kwamba Katiba inampa Mkaguzi Mkuu ruhusa ya kukagua chombo chochote kinachogharimiwa na fedha za umma, hata kikijiita kampuni. Silaha hiyo ipo. Kuitumia ni juu yetu.

Kwa kuwa tuko kanisani, tuwakumbushe habari iliyo katika 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliwapa makuhani fedha za watu ili watengeneze mabomoko ya hekalu. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, fedha zilikuwa zimepokewa na mabomoko yalikuwa pale pale. Yoashi aliwaita akawauliza, lakini hakuishia kuwakaripia. Alibadilisha utaratibu. Wakaambiwa wasipokee fedha tena. Yehoyada kuhani akatoboa kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu, mahali ambapo kila aingiaye huliona. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, watu wa nyumba mbili tofauti, na fedha zikakabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Sisi mawakili twaiona hiyo kuwa sheria bora ya ununuzi kuliko nyingi tulizosomeshwa chuo kikuu. Wapo watakaosema kwamba sura hiyo hiyo yaeleza jinsi wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Naam. Lakini walioaminiwa hivyo ni wasimamizi wa kazi, si makuhani waliokuwa wakipokea fedha za watu.

Na hapa tujipige kifua. Mwenyekiti wa shirika fulani anapokuja Jumapili na bahasha ya paa la kanisa, tunamweka kiti cha mbele, tunamkaribisha asalimu waumini, na hatumuulizi mshahara wake ni kiasi gani hata atoe kiasi hicho. Mnamo Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais mwenyewe uliotolewa katika parokia yake moja, likisema kwamba kanisa lisitumiwe kisiasa. Wengine walicheka, wengine wakaona ni utovu wa adabu. Sisi twaona kwamba ilikuwa ni kutoboa kifuniko cha sanduku. Paa lililojengwa kwa fedha za pampu litavuja tu, hata liwe la mabati mapya.

Turudi kwa kina mama wa Ukambani. Waliambiwa hizo ni karatasi za serikali, na wangeweza kuishia hapo. Lakini kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza namna. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mwombaji halazimiki kueleza sababu. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa sharti amwandikie. Hatozwi ada ya kuomba, hulipia gharama ya kunakili tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Isipojibu, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukataa, na mwombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Waliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Hawakuandika kwamba serikali ni mbaya, wala hawakumtaja mbunge. Waliomba vitu vitatu: mkataba wa kazi, hati ya malipo, na cheti kilichotiwa sahihi kwamba mradi umekamilika. Hicho cha tatu ndicho kilichowafanya wakubwa wapigiane simu, kwa maana cheti kina jina la mtu, na kifungu cha 226 kinamngoja mtu huyo. Nakala ya barua ikapigwa muhuri wa mapokezi. Siku 21 zikapita kimya kabisa, na malalamiko yakapelekwa Tume. Wiki iliyopita afisa yule wa chai alifika parokiani mwenyewe, akauliza kama hawangekubali pampu iletwe na jambo liishe. Walimjibu kwamba pampu wataipokea kwa shangwe, na cheti wanakihitaji pia.

Katibu wa kikundi chao yuko nasi leo. Ameketi karibu na mlango kwa kuwa basi lake linaondoka saa kumi. Amekuja na nakala 40 za ile barua, majina yakiwa yameachwa wazi ili kila mtu aandike ya kwao. Mwenye mradi uliokamilika kwenye faili tu na amfuate sasa hivi, kabla ya maswali.